Somo: Chumba kinanuka, usikimbilie rangi. Hewa ya ndani ya nyumba zetu za Tanga, hatua kwa hatua

Assalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Mimi ni fundi mwashi wa Ngamiani, kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka 20. Mwezi huu nimeitwa na watu watatu kwa lalamiko moja: "Fundi, njoo utupakie rangi, chumba kinanuka." Rangi haiondoi harufu ya chumba. Nalijua hilo vizuri kwa sababu kosa lenyewe nililifanya nyumbani kwa mama yangu mzazi.

Nyumba yake ni ya Kiswahili, ya zamani. Baraza mbele, ukumbi umekata katikati mpaka uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Juu ya kila dirisha palikuwa na matundu mawili, na kuta za ndani zilikuwa hazijafika kwenye bati. Popo wakawa wanaingia, mama akalalamika. Nikaja na ndoo ya saruji, nikaziba matundu yote kwa siku moja. Mwaka uliofuata nikamwekea dari ya jipsamu, nyumba ikapendeza, majirani wakaja kutazama. Masika ilipoingia, nyuma ya kabati kukaota kuvu. Doti za kanga alizoziweka akiba zikatoka madoa meusi. Nikapaka rangi, kuvu ikarudi. Nikapaka tena. Mara ya tatu mama akaniambia, "Mwanangu, tangu uzibe yale matundu ndiyo haya." Na fundi ni mimi.

Basi tuanze.

Hatua ya kwanza: ujue hewa inapita wapi

Usinunue kitu bado. Washa kijiti kimoja cha udi, uzunguke nacho chumbani polepole: mlangoni, kwenye kila pembe, nyuma ya kabati, dirishani. Moshi ukilala upande, hapo hewa inatembea. Ukipanda wima na kuning'inia chini ya dari, hapo pamekufa. Fanya alasiri, kisha urudie usiku milango ikiwa imefungwa kama mnavyofungaga mkilala, maana saa hizo ndizo mnazokaa humo kwa muda mrefu kuliko zote.

Urudie tena msimu ukigeuka. Kaskazi inatuvumia Desemba hadi Machi, kusi inashika kuanzia Aprili hivi mpaka Oktoba. Chumba kinachokula upepo wa kaskazi huenda kikawa tanuri kusi ikiingia, nawe ukadhani nyumba imeharibika.

Hatua ya pili: jiko

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye madhara makubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia, iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wanaouvuta zaidi ni akina mama na watoto wanaokaa nao jikoni.

Watu wengi wanauogopa mkaa unapowashwa, ukiwa na moshi. Ukishashika na kuwa mwekundu, moshi umekwisha, wanaubeba ndani: mvua inanyesha, maharage hayajaiva, au mtoto mchanga anahitaji joto. Mkaa huo mwekundu usio na moshi unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anavuta pumzi kama kawaida huku mwili unakosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Aliyelala hazioni. Mkiamka wawili watatu na kichwa kinauma pamoja, tokeni nje kwanza, jiko mtalitoa baadaye, na nendeni hospitali.

Kwa hiyo jiko la mkaa lisilale ndani hata kama limefunikwa majivu. Jenereta nayo isiwekwe ukumbini wala chini ya dirisha. Kama mnapikia uani, banda liwe upande ambao upepo unautoa moshi nje, usiurudishe ukumbini, na kuta za banda ziachwe wazi juu kwa dhiraa moja. Bado naona watu wanalijengea banda mpaka kwenye bati ili liwe "chumba". Hapana.

Mwenye uwezo wa gesi ahamie gesi, hata kwa chai ya asubuhi tu. Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwaka 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ila mtungi mdogo wa kilo 6 hauivishi makande ya watu tisa kwa mwezi, hilo tuambiane ukweli. Wengi tutachanganya kwa muda, na wanaochanganya ndio hasa wanaolihitaji lile banda la wazi.

Hatua ya tatu: hewa ipate pa kuingilia na pa kutokea

Dirisha moja halitoshi, hata liwe kubwa. Hewa haiingii kama haina pa kutokea. Vyumba vyetu vingi vina dirisha moja na mlango unaotazama ukumbini, kwa hiyo njia yake ni hii: dirishani, juu ya mlango, ukumbini, mpaka uani. Toboa juu ya mlango, weka matofali ya matundu au luva za mbao. Tundu la kutokea liwe juu na lisiwe dogo kuliko la kuingilia, kwa sababu hewa ya moto hupanda.

Kama una dari ya jipsamu, mwambie fundi akuwekee matundu kwenye dari na mengine kwenye ukuta wa pembetatu juu, mkabala. Bila hivyo joto la bati linakaa juu ya kichwa chako mpaka saa sita ya usiku.

Madirisha ya alminiamu ya kusukuma yanapendeza, lakini yanafunguka nusu tu, na nusu hiyo ina wavu. Halafu wavu wenyewe! Nenda sasa hivi upitishe kidole kwenye wavu wa dirisha lako. Ukitoka na masizi na vumbi, ujue dirisha limezibwa huku unaliona wazi. Ung'oe, uuoshe kwa sabuni na brashi laini, kila mwezi. Hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote katika somo hili, na ndiyo isiyofanywa. Pazia zito la mlango nalo lipunguzwe, liishie shubiri moja juu ya sakafu.

Hatua ya nne: unyevu na kuvu

Tanga hatuwezi kukausha hewa, bahari ipo hapo. Tunachoweza ni kuzuia maji yasikae ukutani. Tafuta yanakotoka kabla ya kugusa brashi: bomba la bafuni linalovuja upande wa pili, bati lenye tundu, maji ya mvua yanayorushwa kwenye msingi, nguo mbichi zilizoanikwa chumbani wiki nzima ya masika. Unyevu ukianzia chini na kupanda sawasawa mpaka magotini, huo unatoka ardhini kwa sababu msingi haukuwekwa nailoni. Ukuta ukitoa unga mweupe wenye chumvi, huenda ulijengwa kwa mchanga wa pwani, na chumvi hiyo itavuta maji hewani daima. Lipu ya namna hiyo ibanduliwe.

Kuvu yenyewe usiisugue kavu, itaruka na utaivuta. Funga pua na mdomo, fungua dirisha, ifute kwa maji ya sabuni, ukaushe vizuri. Ukitumia jiki, itumie peke yake. Ukiichanganya na dawa ya choo yenye asidi inatoa hewa ya sumu, na bafu zetu ni ndogo. Ukuta ukikauka kabisa, paka chokaa. Rangi ya mafuta juu ya ukuta mbichi inafungia maji ndani, kisha inavimba na kubanduka. Kabati lisogezwe vidole vinne kutoka ukutani.

Hatua ya tano: vumbi

Fagio la chelewa kwenye sakafu kavu linahamisha vumbi kutoka chini kwenda puani. Nyunyiza maji kwanza, au piga deki moja kwa moja. Godoro na mito ya usufi viende juani mchana kutwa kila wiki, vigeuzwe, vipigwe huko huko nje. Shuka za mwenye pumu zifuliwe kwa maji ya moto.

Maswali ya wanachama

Mama wa Mabawa: Fundi, mimi nafukiza udi na ubani kila Alhamisi jioni, na mgeni akija. Unataka tuache?

Shikamoo mama. Nikimwambia mwanamke wa Tanga aache chetezo nitakuwa nimetafuta kesi. Fukiza, lakini ujue moshi wa udi nao ni moshi, na chetezo kina mkaa ule ule niliousema. Fungua dirisha na mlango, fukiza, kisha kitoe chetezo uani. Harufu inabaki kwenye nguo na mapazia. Mwenye pumu asikae humo. Kama unafukiza ili kufunika harufu ya uvundo, hapo tutafute uvundo.

Mpangaji, Chumbageni: Nina chumba kimoja, napikia humo humo kwa gesi. Mwenye nyumba hataki nitoboe ukuta.

Chukua feni ya kusimama, iweke dirishani, itazame nje wakati unapika. Watu huielekeza ndani, ikazungusha mvuke ule ule. Mlango uache wazi ili hewa mpya iifuate. Moto uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na sufuria inashika masizi, safisha kichomeo. Na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Mtungi ukae karibu na mlango. Ukisikia harufu fungua mlango, usiguse swichi.

Baba wa watoto wanne, Duga: Dawa ya mbu ya kuchoma je? Tunaweka moja chini ya kitanda.

Kaka, itoe leo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima na kukuta kipande kimoja kikiungua chote kinatoa chembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137, kutegemea aina. Kama lazima, ichome barazani mnapopunga upepo. Kulala ni chandarua chenye dawa.

Mtanga aliyeko Riyadh: Mimi nafanya kazi huku kwenye viunga vya mji. Nikifungua madirisha kama ulivyosema, vumbi linajaa mpaka kwenye sukari. Nikifunga, kichwa kinaniuma. Nifanye nini?

Dada yangu, huko somo linageuka. Mimi nilijenga Nizwa, bara ya Oman, miaka miwili, na mwezi wa kwanza nilifanya kosa lako. Hapa kwetu hewa ya nje mara nyingi ni safi kuliko ya ndani. Huko siku ya vumbi, hasa Machi hadi Mei, hewa chafu iko nje. Kwa hiyo unafunga na kuziba: mpira wa kuzuia upepo kwenye fremu, taulo bichi chini ya mlango, viatu viishie nje. Kufagia kavu ni marufuku. Vumbi likitulia, fungua pande mbili alfajiri kwa robo saa au nusu saa.

Kichwa kinauma kwa sababu kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya. Kinapoza ile ile mliyokwisha kuivuta. Chujio lake, ule wavu wa ndani, lioshwe kila wiki mbili msimu wa vumbi. Kama mna ile mashine ya kupoza kwa maji yenye sponji na pampu, kumbuka inavuta hewa ya nje: siku ya vumbi izimeni. Siku nyingine liacheni dirisha moja wazi kidogo ili hewa itoke, na maji yake yamwagwe na sponji zisafishwe, vinginevyo inapuliza harufu ya dimbwi. Mashine hiyo usimletee mtu zawadi Tanga, kwenye hewa yetu yenye maji haipozi kitu.

Mwajiri akikubali kununua kisafisha hewa, kiwe na chujio la HEPA, linalonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na ukubwa wake ulingane na chumba. Kuna na njia ya gharama ndogo iliyobuniwa Marekani mwaka 2020 na Richard Corsi na Jim Rosenthal: machujio manne ya MERV 13 (daraja la chujio linalonasa chembe laini) yanaunganishwa kwa tepe yawe boksi, juu inawekwa feni ya mraba inayopuliza juu. Nimeiona kwa macho, inafanya kazi. Ila pale Ngamiani sijapata machujio hayo dukani.

Mwalimu, Raskazone: Mimea ya ndani husafisha hewa?

Inapendeza. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2019 yalionyesha ungehitaji mimea kati ya 10 na 1000 kwa kila mita ya mraba ili ifikie kazi ya dirisha lililofunguliwa. Utalala wapi?

Kijana wa Makorora: Fundi, hujatuambia. Matundu ya mama uliyafungua? Na popo?

Niliyafungua yote kumi na mawili kwa tindo, Ijumaa baada ya swala, mama amekaa barazani anahesabu. Popo dawa yao ni wavu wa chuma wa tundu dogo lisilopitisha kidole, uliopigwa misumari upande wa nje. Subiri magharibi watoke wote ndipo ufunge tundu la mwisho, na usifunge msimu wenye vichanga, watafia ndani na harufu yake ni balaa. Mavi yao ya zamani yalowanishe kwanza, funga pua, uyazoe yakiwa mabichi: vumbi lake kavu lina fangasi wanaoingia mapafuni. Wavu huo nao uoshwe. Wa mama nauosha mimi, kila mwisho wa mwezi, na anakuja kupitisha kidole.