Kabla ya kununua chokoleti, soma mafuta yake

Juzi dukani nilikamata vipande viwili vya chokoleti vinavyofanana hadi rangi ya karatasi, kumbe mafuta yake ni tofauti kabisa. Geuza nyuma, soma orodha ya viambato: tafuta siagi ya kakao. Ukikuta mafuta ya mawese, ya kokwa za mchikichi au ya mimea yaliyogandishwa, rudisha rafuni.

Siagi ya kakao ina mafuta mengi yanayoganda, lakini karibu theluthi moja ya siagi yote ni asidi ya steariki, aina ya mafuta ambayo haipandishi kolesteroli mbaya kama mafuta mengine yanayoganda. Sehemu yake ini huigeuza kuwa asidi ya oleiki, ileile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni. Theluthi nyingine ni oleiki yenyewe. Robo hivi ni palmitiki, na hiyo ndiyo inayopandisha. Kwenye mawese palmitiki inakaribia nusu. Mafuta ya kokwa yamejaa asidi ya lauriki, nayo inapandisha pia. Hata mdomoni utajua: siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzijoto 34 hivi, mafuta yale mengine mara nyingi huacha utando kama nta kwenye kaakaa.

Mbinu hii haisaidii kama sukari ndiyo ya kwanza kwenye orodha, maana viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Chokoleti ya maziwa nayo huongeza mafuta ya maziwa. Na jamani, siagi ya kakao si dawa: mwenye kolesteroli ya juu asiache vidonge vyake, na vipande vidogo viwili vitatu vinatosha.