Mtu akikuambia "ni bahati", fungua daftari

Kila ukurasa wa daftari langu nimeupiga mstari katikati. Kushoto naandika alichokiona mtu. Kulia naandika kila anapotamka bahati, mkosi, nuksi au "ndivyo ilivyoandikwa". Nafuatilia madhara ya dawa za mikorosho huku Mtwara, na mara nyingi habari yenyewe naikuta upande wa kulia.

Kijana mmoja wa Tandahimba aliniambia: "Dada, tulipuliza shamba moja mimi na kaka. Yeye macho yalivimba siku mbili, mimi bahati nzuri." Usimpite hapo. Nilimwomba anichoree shamba kwa kijiti ardhini: nani alishika mashine ya kupulizia, nani alijaza salfa, ule unga wa kiberiti, upepo ulitoka wapi. Kaka alikuwa kwenye mashine, akitembea huku kusi inampiga usoni, na kila alichopuliza kilimrudia. Mdogo mtu alikuwa nyuma yake, upande upepo unakotoka, na mifuko. Bahati ile ilikuwa na mwelekeo.

Ukitaka kufanya kazi hii, mdogo wangu, nenda wakati wa kazi. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaotibiwa kwa salfa, hushika maua na majani machanga, kwa hiyo watu hupuliza kuanzia Juni hivi hadi Septemba, alfajiri, umande ungali kwenye majani ili unga ushike. Ukifika saa tatu asubuhi utakuta masimulizi tu. Lala kijijini. Vaa mikono mirefu, miwani inayoziba pembeni na barakoa ya vumbi. Kanga puani haitoshi. Simama upepo unakotoka, na nguo za siku hiyo zifue peke yake.

Halafu jifunze kutenganisha kitu ambacho kijiji kizima kinakiita "dawa". Salfa ya unga huwasha macho, koo na ngozi, huleta kikohozi, na mwenye pumu humbana zaidi. Dawa za maji za ukungu ni jambo jingine. Dawa za kuua mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi, ni jingine kabisa: zile za kundi la oganofosfeti huzuia kimeng'enya cha kolinesterasi, neva zikakosa breki. Mtu hutoka jasho, mate na machozi, mboni za macho husinyaa zikawa kama nukta, misuli huchezacheza. Ukimkuta mtu hivyo, mahojiano yamekwisha. Mvue nguo zenye dawa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni ukiwa umevaa glavu, mpelekeni hospitali haraka, na chombo cha dawa kiende naye.

Nalisisitiza hili kwa sababu nililikosea. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwamba salfa ilimwangusha mkulima. Dalili alizonieleza, mate na mboni ndogo, hazikuwa za salfa hata kidogo, ila sikuzijua. Gazeti lilichapa sahihisho, na mzee yule alionekana mwongo mbele ya jirani zake kwa kosa langu.

Kwa hiyo tafuta kibandiko. Soma jina la kiambato chenyewe, kwani jina la biashara halitoshi. Soma namba ya usajili, kisha ulinganishe na orodha ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Tazama na utepe wa rangi chini ya kibandiko, unaoonyesha ukali wa sumu: nyekundu ndiyo kali kuliko zote, kisha njano, bluu, kijani. Mwaka mmoja nilizunguka siku tatu nikiuliza watu walipuliza nini, hakuna aliyekumbuka. Siku ya nne bibi mwenyeji wangu alinizuia nisiondoke bila kula. Nikakaa. Kuku wake walikuwa wanakunywa maji kwenye kidumu kilichokatwa nusu, kibandiko kikiwa bado ubavuni. Naiita bahati, nami naipenda, lakini ilinikuta kwa sababu nilikuwa nimekaa na nilijua ninachokitazama. Kuku tuliwabadilishia chombo kabla sijapiga picha ya pili.

Sasa sehemu ambayo wengi huiruka. Ukitafuta wagonjwa tu, utakuwa umekusanya wenye bahati mbaya, na bahati mbaya haithibitishi kitu. Chukua kitongoji kizima. Pita nyumba kwa nyumba, wapulizaji na wasiopuliza, wazima na waliougua, wote maswali yaleyale: ulishika mashine saa ngapi, nani alijaza, ulikula kabla ya kunawa, nguo zilifuliwa na nani? Swali hilo la mwisho ndilo lililonifungua macho. Yupo mama ambaye hajawahi kushika mashine maishani, lakini kila jioni hukung'uta shati la mumewe mlangoni. Ukimuuliza "unapuliza?" atajibu hapana, na utamhesabu kuwa hayumo. Na huko Newala, juu ya uwanda ambako maji ni shida na watu hukinga ya mvua, uliza pia kama bati lilisafishwa unga wa dawa kabla ya mvua za kwanza.

Kwa wabanguaji njia ni hiyohiyo. Mikono ya mama yangu ilibabuka kwa mafuta ya ganda la korosho, yenye asidi ya anakadi na kadoli. Wenzake walisema ana ngozi ya mkosi. Kumbe wao walijipaka majivu, yeye hakujipaka.

Kwenye zahanati omba idadi kwa mwezi, kamwe usiombe majina. Ofisi ikikuzungusha, andika barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayotoa siku 30 za kujibu, na ubaki na nakala yenye mhuri. Kabla ya kuchukua sampuli, iulize kwanza maabara inataka chombo gani na kiasi gani.

Kisha urudi na ulichokipata kabla hakijachapwa. Wale ndugu wa Tandahimba niliwasomea chini ya mkorosho wao. Kesho yake alfajiri mdogo mtu ndiye aliyeshika mashine, na kabla ya kuiwasha aliokota gao la vumbi, akalirusha juu, wote wawili wakalitazama linakoelekea.