Pima ngege kwa ubao, si kwa shubiri

Kreti ya ngege (sato) inapoteremshwa soko la Gikomba, Nairobi, alfajiri, mnunuzi huikimbiza kwenye mizani. Kosa linaanzia hapo, kwa kuwa uzito haumwambii kama samaki wale wanaruhusiwa kuuzwa. Kinachoangaliwa ni urefu: ngege wa Ziwa Victoria asipungue sentimita 25 na mbuta (sangara) asipungue 50, kuanzia ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Walio chini ya hapo wanaweza kutwaliwa njiani au sokoni, na pesa iliyokwisha kutumwa ufuoni kwa simu hairudi.

Wengi husema wanapima. Nimewatazama wakipima, na sina budi kuwakemea. Shubiri ya mtu mzima aghalabu haifiki sentimita 25. Utepe wa fundi cherehani nao hupanda juu ya tumbo la samaki na kufuata mviringo wake, hata ngege wa sentimita 24 akaonekana ametimia.

Chukua ubao ulionyooka wa sentimita 60, pigilia kipande cha mbao kisimame wima upande mmoja, na sifuri ianzie pale pale kipande hicho kinapokutana na ubao. Chora mstari wa wino usiofutika kwenye 25 na mwingine kwenye 50. Mlaze samaki ubavu, mdomo umefumbwa na unagusa kizuizi, mkia umelala wenyewe bila kuvutwa. Akiishia 24 na nusu, ni mchanga, usimwonee haya aliyekuuzia.

Kazi hii ifanyike ufuoni, kabla ya barafu na kabla ya malipo. Ikiwa unaagiza ukiwa Nairobi, anayekununulia huko awe na ubao wake, na achomoe samaki kumi kutoka chini ya kreti, maana wakubwa hupangwa juu.

Nasisitiza hivi kwa sababu tuna Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya 2016, tuna Walinzi wa Pwani tangu 2018, na fuoni tuna vikundi vya BMU vinavyosimamia fuo, lakini juya (nyavu za kukokota) na nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zote zikiwa marufuku, zingali zinaingia majini usiku kwa kuwa samaki ambaye hajazaa hata mara moja ana mnunuzi anayemngoja hapa jijini. Sehemu ya Kenya ni takriban asilimia 6 tu ya ziwa hilo, na inachoka haraka.

Omena (dagaa) nao hawavuliwi kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai. Akiba ya miezi hiyo inunuliwe kabla ya Machi kwisha, ikiwa imekauka vizuri, na risiti yenye tarehe itunzwe.

Ukiona kreti mbili mfululizo hazina wa kurudishwa, muuzaji wako amekuelewa. Ubao uoshwe kila jioni na mistari ikififia ichorwe upya.