Umeombwa uwe jaji wa shindano la uandishi? Anzia hapa

Simu huwa inaingia jioni. Mtu unayemheshimu anakwambia wana shindano la hadithi fupi na mashairi kwa vijana, fungu la kuwalipa majaji hawana, ila nauli ya siku ya kikao ipo, na chai itakuwepo. Hujakaa sawa umeshajibu "nipo". Mimi huu ni mwaka wa tisa najibu hivyo: mashindano ya maktaba, ya vyama vya Kiswahili vya shuleni, ya vikundi vya washairi. Tuzo kubwa nazifuatilia kama msomaji tu, ile ya Safal ya Kiswahili iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na ile ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ambayo Taasisi ya Elimu Tanzania iliitoa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Huko majaji hawakosekani. Wanakosekana huku kwetu, na wakipatikana hakuna anayewaonyesha kazi inafanywaje.

Kanuni yangu ni moja: usiandike alama yoyote ambayo huwezi kumwonyesha mwandishi mstari ulioizaa. Hatua zote zinazofuata zinaitumikia kanuni hiyo.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kukubali

Muulize mratibu kazi ni ngapi, zina maneno mangapi, na kikao ni lini. Kisha chukua kalamu. Hadithi 60 za maneno 2,500 ni maneno 150,000. Ukisoma maneno 200 kwa dakika, usomaji wa kwanza peke yake ni saa 12 na nusu. Ongeza dakika 10 za kuandika maoni kwa kila hadithi, hizo ni saa 10 nyingine. Kama una saa moja tu kila usiku watoto wakishalala, unahitaji siku 23 bila kukosa hata moja, na hapo hujarudia kusoma hata hadithi moja. Mratibu akikwambia "wiki mbili zinatosha", mwombe apunguze mzigo au aongeze jaji. Ukiona haiwezekani, kataa mapema. Jaji anayekubali halafu akasoma kurasa za mwanzo tu amemdhulumu mtu aliyekwenda kuchapisha kazi yake kwa hela ya kuunga.

Uliza pia kama kanuni zinaruhusu kutotoa mshindi, na kama zinaruhusu washindi wawili kufungana. Maswali haya hayana uzito wowote leo. Siku ya kikao yatawagombanisha.

Hatua ya 2: Taja unaowajua, kwa maandishi

Dunia ya waandishi wa Kiswahili ni ndogo. Mwanafunzi wako wa zamani, mtu mliyemo naye kwenye kundi la WhatsApp la ushairi, shemeji yako: wote wanaweza kushiriki. Mwandikie mratibu ujumbe mfupi kwamba ukikutana na kazi ya mtu unayemjua utaiacha wapime wenzako. Usimwambie kwa mdomo tu, maneno hayo hakuna atakayeyakumbuka.

Mratibu ataondoa majina na kuweka namba. Kwenye hadithi inatosha. Kwenye mashairi kuna mtego ambao waratibu wengi hawaujui: washairi wetu wana desturi ya kujitaja kwenye ubeti wa tamati, kwa jina au kwa lakabu, kama Amiri Andanenga alivyojulikana kwa "Sauti ya Kiza". Namba imeandikwa juu, jina liko chini linang'aa. Mwombe mratibu asome beti za mwisho zote na aweke nukta penye jina. Kuna mwaka nililetewa mashairi ambayo hayakuguswa, na moja lilikuwa na jina la kijana niliyemfundisha vina kwa mkono wangu. Nilitoka kwenye kundi lile la mashairi, tukabaki na majaji wawili, na kazi ikachelewa wiki nzima.

Hatua ya 3: Pimeni kazi tatu pamoja kwanza

Hatua hii wengi huiruka, na matokeo huharibikia hapa. Chukueni kazi tatu, kila jaji azipime peke yake, kisha mlinganishe. Mtashangaa. Kuna jaji ambaye kwake 60 ni pongezi, na mwingine ambaye hajawahi kumpa mtu chini ya 65 tangu azaliwe.

Kwa nini hatua hii ina uzito? Tazama mfano huu. Jaji wa kwanza anaipa hadithi A alama 90 na hadithi B 55. Jaji wa pili anaona B ndiyo bora, anaipa 76, na A anaipa 70. Jumlisha: A ina 160, B ina 131. Mbio zimeonekana za upande mmoja, kumbe majaji hawakukubaliana hata kidogo. Jaji mwenye mkono mpana ameamua peke yake, mwenzake amekuja kunywa chai. Ndiyo maana kwenye tano bora mimi huomba tuache alama tutumie nafasi: ipi ya kwanza, ipi ya pili, ipi ya tatu. Kwa nafasi, A na B zimetoka sare, na hapo mazungumzo ya kweli yanaanza.

Hatua ya 4: Mzunguko wa kwanza, bila alama

Soma ugawe mafungu matatu: ndiyo, labda, hapana. Usizidishe hadithi nane kwa siku. Ya tisa utaisoma kwa hasira za ya nane. Ukimaliza, rudi kwenye fungu la "hapana" na usome upya kurasa mbili za kila kazi, ukianzia ile uliyoisoma ukiwa umechoka zaidi. Kila mwaka nimewahi kutoa humo angalau moja.

Hatua ya 5: Mashairi

Kwanza fungua tangazo la shindano. Je, liliomba mashairi ya arudhi, yaani yenye vina na mizani, au lilisema "mashairi" tu? Ugomvi wa wanamapokeo, wanaoshikilia vina na mizani, na wanausasa wasiovidai ulipamba moto miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipokuja na mashairi huru, na kwenye vikao vya majaji haujapoa. Kama tangazo halikudai vina na mizani, huna haki ya kumkata mtu kwa kukosa vina na mizani. Kama lilidai, usimwonee huruma.

Soma kwa sauti. Kisha hesabu kwa vidole, maana jicho hudanganya. Mshororo wa kawaida wa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, una mizani (silabi) 16, nane ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na nane utao, kipande cha pili:

*Nimekuja kwenu leo, nina neno la kusema*

Ni-me-ku-ja-kwe-nu-le-o, nane. Ni-na-ne-no-la-ku-se-ma, nane. Majaji wapya huteleza kwenye M na N zinazosimama peke yake: "mtoto" ni mizani mitatu, "nchi" ni miwili, "mbwa" ni miwili, lakini "mbuzi" nayo ni miwili kwa sababu M yake imeshikana na silabi. Ukikosea hapo utamwadhibu mshairi kwa kosa lako.

Halafu tofautisha kosa na ruhusa. Mshairi akiandika "alokuja" badala ya "aliyekuja", ametumia inkisari akapunguza mizani mmoja. Akiandika "sharuti" badala ya "sharti", amelirefusha neno, hiyo ni mazda. "Fahamo" badala ya "fahamu" ili kina kikubali ni tabdila. Zote ni haki yake ya kale. Swali la jaji ni kama ameitumia haki hiyo mara mbili penye shida, au kila mshororo una neno lililokatwa miguu ili liingie kitandani. Hesabu, andika idadi. "Inkisari 11 katika beti 5" ni alama unayoweza kuitetea mbele ya mtu yeyote.

Na shairi lililotimiza hesabu zote bado linaweza kuwa halina kitu. Wanafunzi wetu wamefunzwa kupanga mizani kama matofali, ukisoma beti saba juu ya UKIMWI au uchaguzi hukuti picha hata moja ambayo hukuijua tangu darasa la tano. Mimi hutafuta mshororo mmoja unaonisimamisha. Nikiupata naupigia mstari, na ule mstari ndio ninaokwenda nao kikaoni.

Hatua ya 6: Hadithi, na masikio yako mwenyewe

Vigezo mtapewa: ploti, wahusika, lugha, mandhari, ubunifu. Sina la kuongeza juu ya hivyo isipokuwa kwenye lugha, maana hapo ndipo tunapodhulumu watu.

Mwaka wangu wa pili nilikutana na hadithi ambayo bibi anamwita mjukuu: "Ndoo hapa, mwanangu." Nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Ndoo ya nini?" Nikakata alama. Kikaoni mwenzetu mmoja mzaliwa wa Mombasa alicheka mpaka akavua miwani. Kwa Kimvita "ndoo" ni "njoo". Bibi alikuwa anaita, mimi nikamletea chombo cha kuchotea maji. Tangu hapo nikikutana na neno nisilolijua nauliza kwanza linatumika wapi, na kama mhusika anayelisema anatoka huko. Vivyo hivyo Sheng kinywani mwa kondakta wa Nairobi. Kinachostahili kukatwa alama ni mchanganyiko usio na sababu: mvuvi wa Pemba ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa nne anaongea kama taarifa ya habari.

Hatua ya 7: Kazi za kunakili na za mashine

Kwa kunakili, chukua sentensi moja yenye maneno ya ajabu ajabu, iweke kwenye alama za kunukuu, itafute intaneti. Fanya hivyo kwa kumi bora zote, usichague sura.

Kazi iliyoandikwa na akili mnemba ni ngumu zaidi. Dalili zipo: sentensi zenye urefu mmoja, hisia zinazotajwa bila kuonyeshwa, Kiswahili ambacho ukikigeuza kwa Kiingereza kinakaa vizuri kuliko kilivyo. Lakini dalili hazitoshi kumhukumu mtu. Tuliwahi kumshuku binti mmoja, karibu tumwondoe. Mratibu akamwomba alete rasimu. Alikuja na daftari la kurasa 96 lililojaa mikato, hadithi ameiandika mara tatu kwa mkono. Kiswahili kile cha kutafsiriwa alikuwa amekiokota kwenye vitabu na taarifa alizokua nazo. Basi ombeni rasimu kwa kila aliyeingia tano bora, na tangazo liseme hivyo tangu mwanzo.

Hatua ya 8: Andika maoni mwandishi atakayoweza kuyatumia

"Hadithi nzuri, ongeza ubunifu" haimsaidii mtu. Linganisha na hii: "Ukurasa wa 3 mhusika wako Zawadi anagundua barua, lakini tulishaambiwa ukurasa wa 1 kilichomo. Ukiondoa aya ile ya kwanza, tutaifungua pamoja naye." Mistari mitatu inatosha: kilichofanya kazi, kilichokwama, na ukurasa wake.

Hatua ya 9: Kikao

Aanze kusema jaji mdogo kuliko wote kwa umri au cheo, mwenyekiti amalizie. Kwetu mtu mzima akishasema, vijana wananyamaza kwa adabu, na mnatoka mmekubaliana kwa mdomo tu. Kila mmoja aje na nafasi zake zimeandikwa kwenye karatasi kabla ya kusikia za wenzake.

Mkikwama, rudini kwenye kanuni mlizouliza hatua ya kwanza. Mwaka 2019 majaji wa Tuzo ya Booker kule Uingereza walikumbushwa kwamba kanuni haziruhusu kugawa tuzo kwa watu wawili, wakaigawa hata hivyo kati ya Margaret Atwood na Bernardine Evaristo. Watu walibishana kuhusu majaji badala ya kuzungumza vitabu. Kwenye shindano la shule ubishi kama huo unawafikia wazazi.

Kuna shinikizo la aina nyingine. Mdhamini atapita "kusalimia", au mtu atanong'ona kwamba shairi fulani lina maneno makali kwa wakubwa. Hapo mimi huwakumbusha wenzangu Abdilatif Abdalla. Alifungwa Kenya 1969 kwa waraka wa kisiasa, akatoka 1972. Mashairi yake ya gerezani, Sauti ya Dhiki, yakachapishwa 1973, na mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Kuna majaji walioketi mahali, wakasoma kilichoandikwa, wakatia saini.

Hatua ya 10: Baada ya matokeo

Usiwajibu washiriki faraghani, hata anayekuja kwa upole. Waelekeze kwa mratibu. Usipokee zawadi, hata kuku. Faili za kazi zifute, maana bado ni mali ya waandishi. Daftari lako la maoni litunze miezi sita. Malalamiko huwa yanakuja mwezi wa pili au wa tatu, na mratibu atakupigia jioni ileile akiuliza kwa nini namba 37 ilipata 58. Utafungua ukurasa, utamsomea mstari.