Somo: Kutuliza nyuma ya Tamiya Hornet inayodundadunda

Mwenye Hornet, gari dogo la rimoti la kampuni ya Tamiya, anaijua tabia yake. Ukiikimbiza kwenye ardhi ya mabonde madogomadogo, mbele inapita salama, nyuma inadunda kushoto na kulia mpaka gari linaacha njia. Wengi hukimbilia springi ngumu, na hapo ndipo mdundo unapozidi. Dawa yake ni mafuta ya shokapu, egemeo (pale giaboksi inapobembea) lililo huru na matairi yanayopumua. Kazi yote inafanyika bila kukata chasisi wala giaboksi. Naomba tulishike hilo, maana vipande vya asili vinazidi kuadimika.

Kwanza tujue kwa nini inadunda. Hornet ilitoka mwaka 1984, mwaka mmoja na Grasshopper, ndugu yake wa Tamiya. Zote mbili zina ekseli nzima nyuma: giaboksi, mota na magurudumu mawili ni mzigo mmoja, umeshikwa kwenye egemeo upande wa mbele, na nyuma unabebwa na shokapu mbili. Gurudumu la kulia likikanyaga jiwe, mzigo wote unarushwa juu, mota ya 540 (namba ya saizi yake) ikiwemo. Mwaka huohuo kule Marekani, kampuni ya Associated ilitoa RC10, gari jingine la rimoti, ambalo mota na giaboksi vyake vimetulia kwenye chasisi, na kila gurudumu la nyuma lina mkono wake. Shokapu ya RC10 ina kitu chepesi cha kutuliza. Ya Hornet ina kitu kizito, na ikikosa mafuta, springi inaurudisha mzigo wote kwa nguvu ileile uliyopandia.

Hatua ya 1: Kufungua

Tumia bisibisi ya kiwango cha Kijapani, JIS. Bisibisi ya nyota ya kawaida haikai sawasawa kwenye skrubu za Tamiya, nayo hula kichwa. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Dawa ya kusafishia breki usiisogeze hapa, maana inaishambulia plastiki ya ABS.

Hatua ya 2: Egemeo

Toa shokapu zote mbili, kisha pandisha na ushushe giaboksi kwa mkono. Inapaswa kushuka kwa uzito wake yenyewe. Ikikwama katikati, kuna mchanga au mtu alikaza skrubu kupita kiasi. Safisha, paka grisi kidogo sana (ikizidi inakusanya vumbi), kaza mpaka mchezo wa pembeni uishe, halafu legeza kidogo mpaka ishuke yenyewe tena. Usiruke hatua hii. Egemeo likikwama, hata shokapu ya bei gani haitakusaidia.

Unaporudisha skrubu kwenye plastiki, izungushe kwanza kinyume, taratibu, mpaka usikie "tik" ndogo. Hapo imekaa kwenye njia yake ya zamani, sasa kaza. Ukiiingiza moja kwa moja inachimba njia mpya, na ABS ya miaka 40 haivumilii hilo. Gundi ya kukazia skrubu usiiweke kwenye plastiki hii, inaipasua.

Hatua ya 3: Shokapu

Moyo wa kazi uko hapa. Fungua kila shokapu, mwaga mafuta ya zamani, futa kabisa. Kagua fimbo ya chuma: ipitishe taratibu kwenye ukucha wa kidole gumba. Ukihisi mkwaruzo, ibadilishe, la sivyo itakula oringi mpya (pete ya mpira inayozuia mafuta yasivuje) ndani ya muda mfupi. Oringi ibadilishe hata kama inaonekana nzima, na uipake mafuta ya silikoni kabla ya kuipitisha kwenye uzi wa fimbo.

Vuta pistoni mpaka chini, jaza mafuta ya silikoni, kisha ipandishe na kuishusha polepole huku mapovu yakipanda. Simamisha shokapu wima, iache itulie. Mapovu madogo kabisa hujificha chini ya pistoni, kwa hiyo rudia mpaka yaishe. Rudisha pistoni chini, ongeza mafuta mpaka ukingoni, funga. Kama kuna kiwambo cha mpira chini ya kifuniko, kilaze upande mmoja kwanza ili hewa isibaki.

Anza na mafuta namba 400 (namba ikipanda, mafuta ni mazito zaidi). Funga shokapu mbili bila springi, zisukume pamoja kwa vidole: zirudi kwa mwendo mmoja. Kama moja ni nyepesi, ina hewa, ifungue tena. Ukiamua kununua shokapu za CVA, aina ya shokapu za mafuta za Tamiya, zinakuja na pistoni za tundu moja, mawili na matatu. Matundu machache maana yake mwendo mzito zaidi.

Hatua ya 4: Springi na kimo

Gari likiwa na betri, liinue kidogo, liache likae. Nyuma ishuke robo hadi theluthi ya mwendo wake wote, ili magurudumu yaweze kufuata shimo. Zile pete za plastiki juu ya springi hupandisha kimo tu, haziigeuzi springi laini kuwa ngumu.

Sasa liangushe gari zima likiwa bapa, kutoka sentimita 30. Nyuma ishuke, ipande, itulie. Ikipanda mara ya pili, weka mafuta mazito zaidi, nenda namba 500. Ikishuka kwa uvivu na kubaki chini, umezidisha.

Hatua ya 5: Matairi

Tairi lililozibwa hewa ndani ni springi nyingine, na hiyo haina mafuta. Toboa tundu la milimita 2 kwenye rimu, na weka sponji ndani ya tairi. Kama rimu zako ni za asili, nunua nyingine za kutoboa, zile uziweke kabatini.

Maswali ya wanachama

Kaka fundi, huku kwetu mafuta ya silikoni hayapatikani. Naweza kutumia ya shokapu za pikipiki, au ya breki?

Ya breki hapana kabisa, yanaharibu rangi na plastiki. Ya pikipiki yanaweza kukutoa siku moja, ila yanavimbisha oringi za silikoni, na yanakuwa mepesi yakipata joto. Agiza chupa moja ya silikoni, itakutosha muda mrefu kwa sababu shokapu hizi zinakula mafuta kidogo sana.

Yangu ni Grasshopper. Nimefungua shokapu za nyuma, sijaona mafuta yoyote. Yamevuja?

Hayajavuja, ndugu. Za nyuma za Grasshopper ni springi bila mafuta. Funga shokapu za mafuta za Hornet, zinakaa. Ukibaki na mota yake ndogo ya 380, anza na mafuta mepesi zaidi kwa sababu mzigo wa nyuma ni mdogo.

Vipi nikiweka shokapu ndefu, gari linyanyuke zaidi?

Sikushauri. Nyuma itapanda, uzito utahamia mbele, na gari litapinduka kirahisi kwenye kona. Kimo cha asili kinatosha.

Fundi, nimefanya yote, mdundo umeisha. Lakini nikikanyaga moto kwenye kona, gurudumu la ndani linazunguka bure.

Hiyo ni difu, dada, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Gurudumu likinyanyuka, difu ya gia inalipelekea nguvu yote. Fungua giaboksi, pakia grisi nzito sana kwenye gia ndogo za difu, ila usiigandishe difu yenyewe kabisa. Ukiwa humo, badilisha bushi za plastiki uweke bearingi.

Hornet yangu ni ile iliyotolewa upya mwaka 2004. Somo linanihusu?

Linakuhusu, hatua zote ni zilezile. Na vipuri vyake vingi vinaingia kwenye ya 1984. Mwenye gari la zamani afanyie majaribio kwenye vipuri hivyo vipya, vya asili avifunge kwenye mfuko na kuviandika jina.