Kabla Mama Hajaruhusiwa Kutoka Wadini

Mkijiandaa kumpokea nyumbani mgonjwa aliyepasuliwa kichwa, anzeni na dawa, maana hapo ndipo sisi tulipojikwaa. Mama, mwenye miaka 71, alitolewa meningioma, uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Mara nyingi huo si saratani, na huwapata zaidi wanawake watu wazima. Akarudi na vidonge vya deksamethasoni vya kuzuia ubongo kuvimba. Dawa hiyo hupandisha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari awe na kipimo nyumbani. Hainywewi tumbo likiwa tupu, na ukimpa jioni atakesha akihesabu mabati. La kushika zaidi: haikatwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo kwa ratiba ya daktari. Mdogo wangu alimwona mama amechangamka, akaamua vidonge vimetosha. Keshokutwa yake mama hakuweza hata kujiinua kitandani. Ratiba iandikwe kwa mwandiko unaosomeka kabla hamjatoka wadini, halafu bandikeni kwenye mlango wa friji.

Kifafa nacho huweza kuja, hata kwa asiyewahi kukiugua. Kila anayelala nyumba hiyo, dada wa kazi akiwemo, ajue la kufanya: mlaze ubavu, sogeza stuli na meza, tazama saa. Kijiko mdomoni hapana, hata bibi jirani akisisitiza. Kikipita dakika 5, hospitali, kwa hiyo tafuteni mapema dereva anayepokea simu usiku. Bodaboda haifai.

Choo cha kuchuchumaa ni mtihani kwa mtu mwenye kizunguzungu. Fundi alitutobolea kiti cha plastiki, akapigilia na bomba la kushikia ukutani. Mkeka unaojikunja pembeni uondoeni.

Kidonda kikivuja majimaji, homa ikipanda, shingo ikikakamaa, mguu mmoja ukivimba, au akilala usingizi usioamshika, rudini siku hiyohiyo.

Wageni je? Watakuja tu, na matunda yao. Sauti za watu watano kwa pamoja zilimchosha mama kuliko ngazi, akawa mkali mpaka tukaona aibu. Wekeni mtu barazani awapokee, ndani aingie mmojammoja.

Na fedha: zihamisheni kabla ya upasuaji kwa mnayemwamini. Za kwetu zilikuwa kwenye simu ya mama, naye alikuwa amesahau namba ya siri. Kila tulipomuuliza alitutajia, bila kusita, mwaka aliozaliwa kaka yetu mkubwa.