Unaenda Diani? Vuka Likoni bila kutukosesha feri sisi wa huku

Kila Disemba kwenye feri ya Likoni, hapa Mombasa, ni yale yale, gari za bara zinazoenda ufukwe wa Diani zimejipanga foleni mpaka ndani ya mji na mtu wa Likoni aliyetoka kazini jioni amesimama kwenye banda la kungojea feri na watu maelfu anangoja tu. Kwenu ile feri ni sehemu ya kuona bahari, kwetu ndio barabara ya kwenda kazini, shule na hospitali. Hatuwakatazi kuja bana, pesa yenu tunaitaka, lakini kuna namna.

Kwanza jiulize kama feri unaihitaji kweli. Ukija na treni ya SGR unashukia Miritini, na barabara ya Dongo Kundu, ile inayozunguka kisiwa cha Mombasa, iko hapo hapo, unapita daraja la Mwache, unapita la Mteza, unatokezea huko Ng'ombeni ushaingia barabara ya Ukunda, mji wa hapo karibu na Diani, kisiwani hujakanyaga wala hujalipa feri. Ukitua uwanja wa ndege wa Moi pia njia ni hiyo. Mwambie dereva mapema, maana wengine washazoea Likoni mpaka wanakupeleka tu bila kufikiri. Na kuna ndege za kutoka Nairobi zinatua Ukunda kabisa.

Kama lazima uvuke, cheza na saa. Asubuhi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu hivi watu wanatoka Likoni kuja kisiwani, jioni kuanzia saa kumi wanarudi. Sasa usiniambie "mimi naenda upande ule mwengine siwasumbui", feri ni ile ile inaenda inarudi, ikichelewa kupakia magari yenu huku, wale wa ng'ambo wanazidi kuganda. Njoo saa nne, saa tano, hata saa nane mchana. Na kama una ndege ya kuwahi usipige hesabu ya dakika kumi za kuvuka, meli kubwa ikiwa inaingia bandari ya Kilindini feri zinaipisha kwanza, utafanyaje?

Kwa miguu ni bure, mgeni na mwenyeji sawa, mtu akikuitisha hela ya kuvuka huyo anakula wewe. Masanduku yaache garini, ukiburuta sanduku katikati ya umati ule utavunja watu miguu. Picha nazo uziache mpaka ufike ufukweni, pale rampuni, kwenye mteremko wa kupandia feri, watu wanasukumana na mikokoteni inashuka kasi.

Wenye gari, ukishapanda vuta handbreki, tia gia, zima injini. 2019 gari lilirudi nyuma likatumbukia majini, mama na mtoto wake wakafa, kwa hiyo ukiambiwa usogee au ushuke usianze ubishi.

Na nyinyi wenye vani za watalii, acheni kutafuta kuruka foleni eti mgeni amechoka. Ambulensi ndio iruke. Yule anayemwekea huyo mgeni chai hotelini Nyali pengine alivuka alfajiri kabla hamjaamka, naye akarudi usiku. Hoteli zingepanga wageni waondoke baada ya saa tatu mbona nusu ya kero ingeisha.

Ukishashuka upande wa Likoni usipaki mbele ya rampu kuulizia njia ya Diani. Nyoosha tu mpaka Ukunda, halafu kata kushoto.